Nauli Inaanzia Mkuyuni

 

Leo nimepewa kazi na mama mmoja wa Mkuyuni, hapa Mwanza, muuza nafaka pale sokoni. Binti yake yuko Uholanzi, amejifungua, na anataka mama yake aende akamwone mjukuu. Mama hajawahi kuvuka mpaka kwa ndege hata siku moja. Ujumbe wake ni mfupi: "Mwanangu wa redio, nitafutie tiketi ya bei nafuu, niende Desemba." Shikamoo mama. Tiketi sina, mimi mali yangu ni mdomo. Lakini hesabu ya tiketi tunaweza kuipiga pamoja hapa hapa, maana najua si wewe peke yako. Kila mtaa wa jiji hili siku hizi una mtoto aliyeko ughaibuni na mzazi anayeitwa.

Nianze na kosa linalokula pesa za watu wengi. Mtu anafungua simu, anaandika Dar es Salaam kwenda Amsterdam, anaona tarakimu, anaanza kuchangisha ukoo. Ile tarakimu ni ya mtu wa Kariakoo. Mtu wa Mkuyuni bado ana zaidi ya kilomita elfu moja za barabara kabla hajafika pale, ana kulala, ana kula, na siku ya kurudi anazikuta kilomita zilezile zinamsubiri. Nauli yako mama inaanzia mlangoni kwako, pale unapofunga kufuli na kumwita bajaji. Ukiihesabu hivyo, tiketi iliyoonekana rahisi inaweza kuwa ghali, na ile uliyoikimbia ikawa ndiyo nafuu.

Kuna jambo la zamani linalonichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Kiingereza lililoitwa Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London kuja Afrika, na kituo cha mwisho wa njia hiyo kilikuwa Mwanza. Nairobi haikuwa mwisho wa njia, wala Dar. Mwisho ulikuwa hapa. Safari yenyewe ilikuwa ya kuungaunga: ndege, kisha treni ya kuvuka Ulaya, kisha ndege tena hadi Misri, Sudan, na kutoka Khartoum ukaletwa na ndege za kutua majini, zikaja kuelea kwenye ziwa letu. Mwaka 1932 njia ikasogezwa mbele hadi Cape Town, nasi ukubwa wetu ukaishia hapo. Leo, karibu miaka mia baadaye, mtu wa Mwanza anayekwenda Ulaya lazima kwanza aende kwa jirani.

Sangara alitupita. Kwa miaka mingi ndege za mizigo aina ya Ilyushin zilitua uwanja wetu kuchukua minofu kupeleka Ulaya, na wenye umri kama wangu tunaukumbuka mngurumo wake. Tarehe 23 Machi 2005 moja iliyokuwa imesheheni minofu iliangukia ziwani muda mfupi baada ya kuruka, na wote wanane waliokuwamo wakafariki. Samaki, basi, alikuwa na ndege yake. Abiria hakupata. Tuyaache hayo, tusije tukamaliza muda wa mama kwa manung'uniko.

Mama, milango yako ni mingi kuliko unavyodhani. Wa kwanza ni Dar, ambako ndege za ndani zinakwenda kutoka hapa kila siku, na pale utawakuta KLM, Qatar, Turkish, Emirates, Ethiopian na wengine. Wa pili ni Kilimanjaro, ambako KLM na Ethiopian hufika. Halafu kuna Nairobi, Entebbe na Kigali. Ukitazama ramani utaona Mwanza iko karibu zaidi na hiyo mitatu ya nje kuliko ilivyo na Dar. Sisi ni watu wa ziwa, na majirani zetu wa karibu hawako pwani. Kwa barabara unatoka Mwanza unapita Musoma na Tarime hadi Sirari, unavuka unaitafuta Kisii na Narok, unaingia Nairobi. Upande wa Kampala, tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa, kilomita kama 3 za kupita juu ya maji, na ile foleni ya kivuko iliyokuwa ikila muda wa watu imekuwa hadithi. Kwa hiyo kwenda Bukoba, Mutukula na Kampala si mateso ya zamani.

Kwa nini nauli ya Nairobi mara nyingi huwa chini? Wingi wa washindani. Pale wanatua British Airways, KLM, Air France, Lufthansa, na Kenya Airways mwenyewe anakwenda London, Paris na Amsterdam. Wakiwa wengi wanaogombania abiria mmoja, abiria anapumua. Dar haiko hivyo. British Airways waliacha kuja Dar mwaka 2013, na tangu hapo mtu wa London lazima aunganishe mahali. Entebbe nayo imeongeza mguu: Uganda Airlines walianza kwenda London, uwanja wa Gatwick, Mei 2025. Ukisikia jirani amepata njia mpya, hiyo ni habari yako pia, kwa sababu njia mpya huja na bei ya kuvutia wateja.

Sasa tupige hesabu ya Nairobi, maana hapo ndipo watu wanapojidanganya. Tuseme umeona tiketi ya kutoka Nairobi ni nafuu kuliko ya kutoka Mwanza kwa shilingi laki nne. Vizuri. Toa basi la kwenda. Toa basi la kurudi. Toa usiku mmoja wa nyumba ya wageni, kwa sababu hakuna mwenye akili anayepanga basi lifike saa nane mchana na ndege iruke saa kumi. Toa na usiku wa kurudi, ndege ikitua jioni. Toa teksi ya kukupeleka uwanjani na ya kukutoa, toa chakula, toa hamali na mifuko yako. Kilichobaki kinaweza kuwa laki moja, pengine hata hiyo usiione. Na hujaweka bei ya wasiwasi. Basi likiharibika Narok, shirika la ndege halikujui. Wewe ulinunua tiketi ya Nairobi, na matatizo ya barabarani ni yako na mwenye basi.

Kwa kijana mwenye begi moja mgongoni, ningesema nenda Nairobi, okoa hiyo laki, utapata na cha kusimulia. Kwa mama wa miaka sitini anayesafiri mara ya kwanza, mimi nasema hapana. Mtafutie tiketi moja inayoanzia Mwanza hadi Amsterdam, yote katika karatasi moja. Baadhi ya mashirika makubwa yana makubaliano na ndege zetu za ndani. Andika Mwanza kwenye simu, au zile herufi tatu za uwanja wetu, MWZ, uone wanachokuletea. Faida yake ni hii: ndege ya hapa ikichelewa ukaikosa ya Dar, wajibu wa kukutafutia nyingine ni wao. Na mizigo mara nyingi huiaga hapa ukaikuta kule, ila uliza kaunta, usikisie.

Hapo niseme jambo la Ulaya na ndege zetu, kwa sababu binti yako anaweza kulisikia akashtuka. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia anga lao, na Juni 2025 wakayajumuisha mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Sababu walizotoa ni za usimamizi wa usalama. Hilo halizuii ndege ya Mwanza kwenda Dar. Lakini binti akijaribu kukukatia tiketi akiwa kule, wakala wa Ulaya anaweza kusita kuuza kipande cha ndani, au asikione kabisa. Ikitokea hivyo, kipande hicho nunueni hapa, na muache usiku mzima katikati.

Kuna mtego mwingine unaowanasa wajanja. Mtu ananunua tiketi moja ya Mwanza, Dar, Amsterdam. Wiki ya safari anapata lifti ya gari hadi Dar, anasema moyoni, kile kipande cha Mwanza nakiacha, nitapandia Dar. Anafika kaunta anaambiwa tiketi imefutwa yote, pamoja na ya kurudi. Ndivyo kanuni zao zilivyo: ukiruka kipande cha kwanza, mtambo unahesabu hukutokea, unafuta vinavyofuata. Ukitaka kubadili, piga simu kabla, ukubali na gharama yake.

Bei zenyewe zinakwendaje? Kwenye daladala ya kwenda mjini, wote mliokaa mmelipa sawa. Kwenye ndege, watu watatu wa mstari mmoja wanaweza kuwa wamelipa bei tatu. Viti vya daraja la kawaida vimegawanywa mafungu, kila fungu na herufi yake na bei yake. Fungu la chini likiisha, mtambo unahamia la juu. Ndiyo maana jana uliona bei moja na leo nyingine, ingawa ndege ni ileile. Wapo wanaosema simu yako inakupeleleza, futa kumbukumbu zake bei ishuke. Sijaona ushahidi wa hilo. Mara nyingi ni viti vya fungu la chini vimekwisha.

Kutokana na hapo kuna mbinu moja ya kweli. Mkisafiri wanne mkaomba viti vinne kwa mpigo, na fungu la chini limebakiza viwili tu, mtambo utawauzia wote wanne kwa bei ya juu. Jaribu kwanza kutafuta kiti kimoja. Ukiona bei imeshuka, nunueni wawili wawili. Mama unakwenda peke yako, hili halikuhusu, lakini nimeona nilitoe kwa wale wanaosafiri kundi kwenda harusi.

Sasa Desemba. Mama, Desemba iache. Kuanzia katikati ya mwezi huo hadi baada ya mwaka mpya ndege zimejaa watalii wa kwenda na kurudi, na watoto wetu wa ughaibuni wanaokuja kula sikukuu nyumbani. Julai na Agosti ni hivyo hivyo, kwao likizo za shule, kwetu nyumbu wa Serengeti. Viti vinapogombaniwa hivyo, fungu la chini huisha mapema. Nafuu iko pale watalii wanapotukimbia, yaani masika: mwezi wa nne na wa tano, ukiiruka wiki ya Pasaka. Novemba ya mwanzo nayo si mbaya. Na kwako masika yana faida ya pili. Desemba ya Uholanzi ni baridi na giza la saa kumi na nusu jioni. Mei utaweza kumtoa mjukuu nje akaona jua. Mtoto hatakuwa amekua sana, usiogope.

Siku za katikati ya wiki husaidia kidogo, kwa sababu wengi hupenda kuruka Ijumaa na Jumapili. Lile la kusema tiketi inunuliwe Jumanne usiku, mimi silitilii maanani.

Lakini mama, kabla ya tiketi kuna viza, na watu hupoteza fedha nyingi hapa kwa pupa. Usinunue tiketi kabla ya viza. Ubalozi unataka kuona umeweka nafasi ya safari, hautaki ulipe kabisa. Viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na kituo cha kupokea maombi kina ada yake juu ya hapo. Ukinyimwa, hairudi. Utatakiwa bima ya safari isiyopungua euro 30,000 za matibabu, na binti yako atajaza fomu ya udhamini ambayo saini yake inathibitishwa na halmashauri ya mji anaokaa. Hiyo aifanye yeye mapema, maana bila ile karatasi faili lako halisimami.

Na alama za vidole lazima uziache wewe mwenyewe, Dar es Salaam. Umeona sasa? Tayari una safari moja ya Dar kabla ya safari yenyewe, na hiyo hakuna tovuti inayoiweka kwenye bei. Iweke wewe. Jambo la kutia moyo ni kwamba alama hizo hukaa kwenye mfumo wao miezi 59, kwa hiyo ukialikwa tena ndani ya muda huo huenda usihitaji kurudi kuzitoa. Maombi yanapokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15. Kwa anayetaka kwenda Mei, Januari aanze. Kama pasipoti huna, anza hata kabla ya hapo. Ni shilingi 150,000, na cheti cha kuzaliwa cha mtu wa umri wako kinaweza kukupeleka kijijini.

Ukitaka kulinganisha njia, kanuni yangu ni hii: kila kituo cha kuunganisha kinapunguza bei na kuongeza uchovu. Addis Ababa, Doha, Istanbul, Dubai, zote zinakufikisha. Ila angalia saa za kusubiri. Ukikuta nafuu ya dola 60 inakukalisha kwenye kiti cha chuma saa kumi na nne usiku kucha, hizo dola utazimalizia kwenye maji na chai ya uwanjani. Kituo kimoja, saa tatu hadi tano, ndicho kipimo kizuri kwa mgeni. Saa moja ni kumkimbiza mama kwenye korido asizozijua. Na kama magoti yanasumbua, mwambie anayekukatia tiketi aandike ombi la kiti cha magurudumu. Hakitozwi, na anayekusukuma anakufikisha mpaka mlango wa ndege inayofuata. Nimeona wazee wakiona haya kukiomba, kisha wanapotea Doha.

Neno kwa wanaokatiwa tiketi na mawakala wa mtaani. Wapo waaminifu wengi, wapo na matapeli. Wakala akikupa karatasi yenye herufi na namba sita zilizochanganywa, hiyo ni nafasi tu, inaweza kufa kesho. Tiketi iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 074 ni KLM, 071 Ethiopian, 157 Qatar, 235 Turkish, 176 Emirates, 706 Kenya Airways. Usipoiona namba hiyo, usitoe pesa iliyobaki. Ukiiona, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika, weka zile herufi sita na jina lako la ukoo, uone safari yako inatokea. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mama Neema si jina la tiketi.

Mzigo. Nauli ya chini kabisa kwa baadhi ya mashirika haina begi hata moja la chini, na ukilipia uwanjani utalipa kwa machungu. Soma mstari wa mizigo kabla ya kufurahia bei. Wengi hutoa kilo 23. Najua mama wa Mkuyuni hawezi kwenda kwa mzazi mikono mitupu, kwa hiyo sikilizeni kanuni za Ulaya kwa abiria. Nyama na vitu vya maziwa ni marufuku, hata kidogo, na samli imo humo. Matunda na mboga mbichi vinataka cheti cha mimea, isipokuwa machache kama nanasi, ndizi, nazi na tende. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu kwa matumizi yake, wabichi wawe wametolewa matumbo. Dagaa wakavu hawana ugomvi, mradi umewafunga vizuri, kwa sababu harufu ile kwenye sanduku la jirani inaweza kuleta maneno hata pasipo na sheria. Basi mama, samli mwachie mume wako, funga dagaa wako mifuko miwili miwili, na kilo tatu zilizobaki ndizo za vitenge.

Laini ziko wazi. Nasikia mtu wa Buhongwa yuko hewani tayari, ana swali la kupitia Kigali. Karibu kaka, ongea.